Shika Gitaa, Bosi

“Mtoto humchukui!” Mama mkwe alikuwa kasimama mlangoni, hapapiti hata paka. “Meneja kaniambia yote. Ulimgombeza mwanangu kwenye simu, akapanda jukwaani analia, moyo ukasimama. Umemuua kwa mdomo wako!”

Ugomvi wa simu ulikuwa wa kweli.

Siku ile gitaa la mke wangu, Chiriku tulivyozoea kumwita, lilinguruma kwenye spika. Meneja wa ukumbi, kwa kuwa anavaa tai, akaamuru plagi ya amplifaya ikatwe jino la tatu, lile la kupeleka umeme mbaya ardhini. Mngurumo ukaisha kweli. Mimi fundi wao wa sauti nikamwambia, “Bosi, mtu akishika gitaa hili, midomo ikagusa maiki iliyo kwenye miksa yenye jino lake la ardhini, umeme utapita mwilini mwake.” Akanifukuza kazi palepale. Wakubwa ndivyo walivyo. Nikampigia mke wangu.

“Chiriku, usiimbe leo.”

“Nisipoimba na mimi nafukuzwa. Tutakula nyaya zako?”

“Mke wangu, nisikilize...”

“Una wivu tu! Kazi umepoteza wewe, unataka tukae wote nyumbani tutazamane.”

“Basi imba!” Nikakata simu.

Sikuisikia tena sauti yake. Mpaka leo neno hilo nalala nalo.

“Mama,” nikamwambia mama mkwe, “twende ukumbini mara moja. Tukirudi, ukitaka mtoto ubaki naye.”

Tulimkuta meneja anazungusha funguo kidoleni. “Pole sana, mama. Moyo hauna daktari.”

Nikaunganisha kama ninavyounganisha siku zote: sauti zote chini, maiki kwenye miksa, gitaa kwenye amplifaya yao ileile, umeme mwisho. Plagi bado ilikuwa kibogoyo.

“Bosi, moyo wako mzima?”

“Wa simba!”

“Basi shika nyuzi za gitaa kwa mkono huu, maiki kwa mkono huu. Sema moja mbili, mama asikie.”

“Mimi si mwimbaji bwana.” Akacheka, lakini mikono ikaenda nyuma ya mgongo.

“Nitashika mimi,” mama mkwe akasema. Akalinyanyua gitaa, mkono wa pili ukaifuata maiki.

Nikaruka kuzima swichi. Kelele ya meneja ikanitangulia.

“Mama, usiguse! Utakufa!”

Mama mkwe akaliweka gitaa chini polepole.

“Kumbe ulijua.”

“Mama, ukumbi ulishajaa. Wageni wakubwa walishakaa...”

“Ulijua, ukampandisha mwanangu! Halafu ukaja msibani kwangu, ukanishika mkono!”

Meneja akatazama viatu vyake. Tai haikumsaidia.

Nje mama mkwe akanishika bega. “Mwanangu, nilikuita muuaji mbele ya mtoto.”

“Uliambiwa na mkubwa, mama. Nani angeniamini mimi?”

“Ningekuuliza hata mara moja tu.”

“Na mimi nisingekata simu.”

Nyumbani kwake akamwita binti yangu. “Mjukuu wangu, nilimsingizia baba yako. Fungasha nguo, unaenda kwenu.”

Mtoto akaingia chumbani. Mara tukamsikia anaimba huku anakunja nguo, sauti ya mama yake tupu. Mama mkwe akakaa chini pale mlangoni. Nikakaa kando yake, na hakuna aliyemwambia mtoto aharakishe.