Hatua Tatu Juu

"Usiniguse! Nimesema usiniguse!"

"Chiriku, tulia basi, watu watasikia."

"Wasikie! Si walishanisikia asubuhi nikikwaruza koo mbele ya ukumbi mzima?"

Jamani, alikuwa na haki ya kuwaka. Walimwita Chiriku tangu utotoni kwa sauti yake, na asubuhi hiyo sauti ilimtupa mkono mbele ya kiongozi wa bendi, mama mmoja asiyecheka ovyo, aliyekuja kuchagua mwimbaji mmoja tu wa kuzunguka nao miezi mitatu. Kiitikio kilipofika juu, koo likagoma. Watu wakacheka. Na aliyekuwa akimpigia kinanda ni mchumba wake mwenyewe, Fundi, mpigaji wa ukumbi ule.

"Wimbo ule nimeuimba miaka miwili," alisema Chiriku. "Leo umepanda wenyewe?"

"Ilikuwa bahati mbaya, mpenzi. Aliyeimba kabla yako aliomba nimpandishie. Nikasahau kushusha."

"Ukasahau! Wewe ambaye hutoki humu bila kupangusa vumbi la kinanda?"

"Haya mambo huyajui."

"Nijulishe. Leo nataka kujua kila tundu na kila kitufe. Anza!"

Fundi akawasha kinanda pale jukwaani, ukumbi ukiwa mtupu. Chiriku akasimama karibu, mikono kiunoni.

"Hapa nyuma ni waya wa umeme. Hili tundu ni la kanyagio. Hili linapeleka sauti kwenye spika kubwa. Hili la mbele ni la spika za masikioni, ukichomeka, spika za kinanda zinanyamaza."

"Endelea. Usinitazame usoni, tazama kinanda."

"Kitufe cha mviringo ni cha sauti, kuongeza na kupunguza. Hivi vya katikati vinachagua mlio, filimbi, gitaa, unavyotaka. Hivi vya kushoto ni midundo."

"Na kilichoniaibisha?"

Fundi alisita. Kisha akabonyeza kitufe kidogo mara tatu. Kwenye kioo ikatokea namba tatu.

"Hiki. Kinapandisha wimbo wote. Vidole vinapiga palepale, lakini sauti inatoka hatua tatu juu. Ukishaweka, kinakaa hivyo hivyo mpaka mtu akishushe. Ndiyo maana nikasahau. Umeridhika?"

"Sijaridhika hata kidogo!"

Kwa hasira akaushika waya wa umeme, akaung'oa. Kinanda kikazima.

"Wee! Utakiua!"

"Kife!"

Fundi akauchomeka haraka, akawasha. Kioo kikang'aa. Chiriku akainama kutazama, na hasira yake ikabadilika ikawa kitu kibaya zaidi.

"Fundi. Mbona hapa ni sifuri?"

Fundi akaanza kupangusa vumbi la kinanda.

"Si umesema kinakaa hivyo hivyo?"

"Labda... kina matatizo."

"Yule dada aliyenitangulia aliposhuka jukwaani, umeme ulikatika. Tulikaa tukijipepea na makaratasi mpaka uliporudi. Kinanda kikazima, kikawashwa upya kabla sijapanda. Kilikuwa sifuri, Fundi! Nani alibonyeza tena mara tatu?"

Fundi akajiketisha kwenye kiti, macho sakafuni.

"Mimi."

"Loo!"

"Nilikuwa naogopa. Ungeondoka na wale watu, ungepata wakubwa huko, ungenisahau. Nilitaka ubaki tuoane."

"Kwa hiyo ukanivunja mbele ya watu, halafu jioni ungenibembeleza nikilia?"

Ndivyo alivyopanga. Chiriku akachukua simu yake. Akampigia yule kiongozi wa bendi.

"Haloo, Mama? Ni yule aliyeharibu asubuhi."

"Binti, majibu nimeshatoa."

"Kinanda kilichezewa, Mama. Bado tuko ukumbini, nipe wimbo mmoja tu."

"Kilichezewa na nani?"

Chiriku akamtazama Fundi. "Na mchumba wangu."

Mama akaguna upande wa pili.

"Bado nipo hapo nje, tunapakia vyombo. Nakuja. Ukikwaruza tena, usinipigie maishani."

Chiriku akakata simu.

"Kaa vizuri," alimwambia Fundi. "Utanipigia."

"Nikipiga, utaondoka."

"Ndiyo. Piga."

Mama akaingia, akabaki amesimama mlangoni mikono nyuma. Chiriku aliimba akiwa ubavuni mwa Fundi, macho kwenye kioo, asimwache asogeze kidole kusikohusika. Kiitikio kikapanda, naye akapanda nacho bila kutoa jasho. Fundi alipiga vizuri kuliko siku zote, machozi yakimtiririka.

"Gari linaondoka saa kumi," alisema Mama. "Nenda kachukue nguo. Na wewe kijana, una bahati mimi si mama yake."

Chiriku akavua pete, akaiweka juu ya kinanda, akatoka bila kuaga.

Alikuwa garini, mji umeshabaki nyuma, simu ilipotetemeka kwa ujumbe wa Fundi.

"Nisamehe. Nilifanya vile kwa sababu nakupenda. Sikutaka uondoke."

Aliusoma mara mbili. Akalia kidogo akitazama dirishani, kisha akaandika:

"Juzi nilikuuliza niende au nibaki. Ungesema baki, ningebaki. Ulisema nenda, nitakupigia kinanda."

Akautuma, akafuta namba ya Fundi.