Sikio la Kulia la Ng'ombe wa Lucia

Wewe unayegeuza shingo ukisikia kompyuta, ukisema hayo ni mambo ya mjini, soma hii. Soko huria lilipokuja uligeuza shingo, waliojua hesabu zake wakatupita. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa ulipiga vigelegele, kisha ukalala tena. Leo hukwepi.

Ilikuwa siku ya josho kule Tumati. Ng'ombe pekee wa Lucia, mwenye mimba, alitoka kwenye dawa akichuruzika. Bura, msimamizi wa kikundi, akatazama simu. Programu iliyomo, ya kutambua ng'ombe wa kila mwanachama kwa alama za masikio, aliiandika Oliva, binti wa Lucia.

"Mama Oliva, simu inasema wa kwako ana mkato sikio la kushoto. Huyu ni kulia. Atabaki zizi la kikundi mpaka mwenyewe apatikane."

"Mwenyewe si ndiye mimi! Nimemlea tangu ndama, leo simu inanikana?"

Oliva, aliyekuwa kando, akaichukua simu. Akakimbia kwa jirani yao Verediana, fundi simu.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba. Mbona unahema, umefukuzwa na nyati?"

Oliva akaeleza, akamwonyesha alivyoandika mwanzoni kwenye programu:

masikio = ["zima", "mkato"]

"La kwanza kushoto, la pili kulia," alisema. "Jana niliamuru kila kitu kipangwe kwa alfabeti, kipendeze."

Verediana akaangua kicheko. "Ikapanga hadi masikio! M ikatangulia Z. Umemhamisha ng'ombe sikio, mtoto wewe! Sikiliza. Mabano ya mraba ni orodha. Orodha ni kama zizi: unaingiza, unatoa, unapanga upya. Majina ya wanachama yakae humo. Lakini sikio la kulia ni la kulia mpaka ng'ombe afe. Hapo weka mabano ya duara:

masikio = ("zima", "mkato")

Hiyo inaitwa tuple. Ukishaiandika, haiongezwi, haipunguzwi, haipangwi upya."

Oliva akarudisha kila sikio mahali pake, akaweka mabano ya duara. Akajaribu kuyapanga tena makusudi. Simu ikakataa kwa maandishi mekundu.

"Imekataa!" Akaruka juu. "Shangazi, imekataa!"

Alirudi joshoni mbio, kandambili mkononi. Bura akasoma, akashika sikio, akasoma tena.

"Kulia. Mchukue, mama. Pole."

"Pole mpe ng'ombe," alijibu Lucia, tayari ameshika kamba. "Ndiye uliyemwita mgeni."

Na wewe? Kama kompyuta za shule ya kata yako zimefunikwa vitambaa stoo, usiniambie hukujua. Inuka sasa hivi. Ulizia ufunguo uko kwa nani, na usiondoke pale mpaka mlango ufunguliwe.