Kamba ya Mgomba Ndani ya Injini

Kila asubuhi nyumbani kwa Gidioni, nje kidogo ya mji wa Bwera, kazi zilikuwa zilezile. Musoki alifagia ua, mdogo wake Biira aliosha vyombo, mama alichambua nyanya za kupeleka soko la Mpondwe, na baba alipiga kiki pikipiki yake kuukuu mpaka jasho likamtoka. Ilikuwa pikipiki ndogo, yenye kelele nyingi kuliko nguvu. Siku hiyo hata kelele haikutoa.

"Leo imegoma," baba alisema. "Na soko ni kesho! Nyanya zikilala hapa zitaoza zote."

Fundi wa jirani alikuwa amesafiri kwenda Kasese. Hilo halikumtisha Gidioni, kwani alizoea kutengeneza mwenyewe, ingawa hakuwahi kuwa na vifaa vya dukani. Kisu kilichovunjika ndicho kilikuwa bisibisi yake, na bomba la maji lilirefusha mpini wa spana. Sasa alitaka kitu chembamba cha kuvutia springi ya ekzosi. Biira aliokota spoki ya baiskeli, akaipinda ncha kwa jiwe, akampa baba. Springi ikatoka mara moja.

"Gidioni, huyu mutoto iko fundi kabisa!" alisema Anselme, jirani yao Mkongo, aliyesimama uani.

"Ni mkono wangu wa kulia," baba alijibu huku akicheka.

Musoki alisikia, na roho ikamuuma. Mkono wa kulia! Kwa Wakonzo, kabila lao, binti wa kwanza huitwa Musoki na wa pili Biira, kwa hiyo jina lake lenyewe lilitangaza nani alitangulia. Sasa huyu wa pili anasifiwa mbele ya majirani, na yeye ameshika ufagio! Alifagia kwa hasira mpaka vumbi likaingia kwenye nyanya, na mama akamkemea.

Ilibaki nati moja ngumu kwenye sumaku ya injini. Kila baba alipoitia spana kuilegeza, injini nzima ilizunguka pamoja na nati. "Tutaingiza kamba ya nailoni kwenye tundu la plagi," alieleza. "Itazuia pistoni isipande, halafu nati italegea. Ngoja nikaitafute. Biira, linda hapa, mtu asiguse."

Alipoondoka tu, Musoki alimwambia mdogo wake, "Nenda ukachote maji. Nitalinda mimi."

Biira alichukua mtungi akaenda. Musoki akatazama huku na huku, akafungua plagi, akachukua kamba ya mgomba iliyofungia mboga, akaisokomeza kwenye tundu la plagi. Kamba ni kamba, alijiambia. Baba akirudi atakuta nati imefunguka, na hapo tutaona nani mkono wa kulia! Akatia spana kwenye nati, akalikandamiza bomba la mpini kwa nguvu zake zote.

Krak! Nati haikulegea. Alipovuta kamba, ikatoka nusu. Nusu nyingine ilikuwa imekatikia ndani. Musoki alirudisha plagi haraka, akakimbilia jikoni.

Baba alirudi na kamba yake, akafungua plagi, akaona nyuzi za mgomba mdomoni mwa tundu. "Nani ameweka takataka humu?"

"Sijui, Baba," Biira alisema. "Musoki alinituma maji."

"Mimi?" Musoki alidakia. "Sikumtuma popote!"

Baba alimkazia macho Biira. "Nilikuachia kazi, ukaiharibu, na sasa unamsingizia dada yako. Ondoka. Usiiguse tena pikipiki yangu! Musoki, njoo wewe."

Musoki akapata alichokitaka. Alishika spana, akapewa springi arudishe, akaambiwa "vizuri." Lakini upande wa pili wa ua Biira alikuwa akilia kimya, kanga ya mama mdomoni, na kila "vizuri" ya baba ilimchoma Musoki. Baba alichomoa zile nyuzi chache, akalegeza nati kwa kamba ya nailoni, akasafisha platini zinazotoa cheche, akafunga kila kitu. Aliamini ndani ni safi. Akaweka mguu kwenye kiki.

Musoki alijua kwamba injini ikiwaka na kamba ile tumboni itaharibika, na baba hana nyingine. Akijitaja, baba hatamwita tena kamwe.

"Baba, usipige!" alilia. "Kuna kamba ndani. Ni mimi. Nilimtuma Biira maji, halafu nikadanganya."

Baba aliuteremsha mguu polepole. Alifungua nati za kichwa cha silinda, na kweli, kipande cha kamba kilikuwa kimenasa kwenye tundu la moshi. Alikitoa, akarudisha kichwa, akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikawaka. Hakuna aliyeshangilia.

Gidioni alivuka ua, akachuchumaa mbele ya Biira. "Mwanangu, nimekuonea. Ulisema kweli nikakufukuza. Nisamehe."

Musoki hakuwahi kumsikia baba akiomba msamaha kwa mtoto. Hilo lilimuuma kuliko fimbo.

"Kwa nini, Musoki?" baba aliuliza.

"Unamwita Biira kila siku. Mimi huniiti."

"Nilikuita mara nyingi! Ukasema mikono itanuka petroli." Baba alitikisa kichwa. "Ungesema sasa unataka, ningekufundisha leo hii. Wivu ulikuambia njia ya kupanda ni kumshusha mdogo wako. Umeona ulichopata? Injini imepona kwa sababu ulisema kweli kabla ya kuchelewa, na kwa hilo nakushukuru. Lakini Biira amelia kwa kosa lisilo lake, na machozi hayo hayana spana. Nenda kwake wewe mwenyewe."

Musoki alienda, akapiga magoti kando ya mdogo wake, akamwomba msamaha. Biira alimgeuzia mgongo. Musoki hakuondoka.