MCHUMBA WANGU ALINIFUNGIA STOO, RAMANI YAKE IKAMCHONGEA

"Mpenzi, acha utani! Fungua mlango!"

"Nisamehe. Kikao kikiisha nakuja kukutoa."

Klak! Ufunguo ukazunguka. Nikasikia viatu vyake, vile nilivyomnunulia mimi mwenyewe, vikipanda ngazi...

Jamani! Mchumba wangu, tumebakiza siku ya ndoa tu, kanifungia stoo ya chini ya ofisi yetu! Viti vibovu, kebo za zamani, na joto la jenereta la chumba cha pili. Nikatoa simu. Mtandao hakuna!

Ngoja niwaeleze.

Sisi kazi yetu ni kupanga minara ya simu isimame wapi mjini. Siku hizi tunaitumia akili bandia: unailisha vipimo ambavyo simu za watu hutuma, inajifunza, kisha inachora ramani. Mchumba ndiye aliyeitengeneza. Siku hiyo wakubwa walikuwa wanaipitisha, na ikipita yeye anakuwa mkuu wa kitengo.

Asubuhi nikaitazama ramani vizuri. Bondeni kwa mama yangu hakuna mnara hata mmoja! Mama ana pumu. Kifua kikimbana, lazima apande kilima ndipo simu ishike aombe msaada. Mtu hana pumzi, apande kilima!

"Mashine yako inasikia wenye mtandao tu," nilimwambia. "Bondeni simu hazishiki, kwa hiyo hazitumi vipimo. Imejifunza kwamba kule hakuna watu!"

"Tutarekebisha baadaye."

"Nitasema kikaoni."

Akatabasamu. "Haya. Twende kwanza stoo tukachukue kebo."

Na mimi, kwa upendo wangu wa kijinga, nikatangulia!

Niligonga mlango mpaka viganja vikawaka moto. Nikapiga kelele, jenereta likanizidi. Nililia, sitawaficha. Nilimwona mama kilimani, ameshika kifua...

Mara, viatu vya mtu nje ya mlango. Na sauti nzito:

"Haloo? Haloo?... Haloo!"

Mkurugenzi!

"Niko humu! Nimefungiwa!"

Kumbe huko juu aliuliza niko wapi. Mchumba akajibu bila kupepesa macho, "Yuko stoo, anatafuta kebo." Na ukutani ramani yake ilionyesha jengo letu zima lina mtandao mzuri, mpaka stoo, maana vipimo vyote vilitoka ghorofa za juu.

"Basi mpigie aje," mkurugenzi akasema.

Sipatikani. Akarudia, sipatikani. Mzee akainuka na simu yake, akashuka kujipimia mwenyewe, mchumba nyuma yake!

Mlango ulipotikiswa, mchumba akawahi. "Huu huwa unajifunga wenyewe, bosi."

"Na ufunguo ulio mfukoni mwako," nikajibu kutoka ndani, "nao umejiingiza wenyewe?"

Klak! Akafungua.

Nilipanda moja kwa moja hadi kikaoni, nikamwaga kila kitu. Ramani ikarudishwa, na bondeni wakatumwa watu wapite nyumba kwa nyumba kupima, hadi mnara ukasimama. Pete yake nilimwachia juu ya kiti kibovu.

Juzi simu yangu ikalia.

"Mwanangu, nimelala kitandani kwangu. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama!"

Machozi yakanitoka.

Wapendwa, mtu akiwa kimya usiseme hayupo. Huenda anagonga mlango, na wewe bado hujashuka ngazi.