Jina Kwenye Shina la Upanga

Baldev Singh alilisoma jina lile kwa sauti mara moja tu, na jikoni mtu akaitika.

"Labeka."

Ilikuwa saa kumi alasiri, Novemba ya mwaka 2005, na taa za Stratford Road zilikuwa zimeshaanza kuwashwa, maana majira hayo Birmingham hulala mapema. Baldev aliinua macho kutoka kwenye upanga uliolazwa mezani. Mgeni wake, Mwinjuma, dereva wa basi, mtu wa Tanga, alikuwa ameketi mbele yake na kikombe cha chai. Binti yake, Manpreet, alisimama karibu na dirisha kashika tochi. Hakukuwa na mtu wa nne ndani ya nyumba.

"Manpreet, umeacha redio jikoni?"

"No, Dad."

Mwinjuma aliweka kikombe chini.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Ningekwambia mapema ungenifukuza. Huyo huitika akiitwa. Kwetu tulishamzoea."

Baldev hakuwa mtu wa majini. Alizaliwa Kisumu, akafanya kazi ya kutengeneza vyombo vya mashine kwenye kiwanda cha magari cha Longbridge miaka ishirini na sita, na kwake yeye chuma hakikuwa na siri isiyopimika. Mapenzi ya panga za Kijapani yalimpata ukubwani, kama wengine wanavyopatwa na mapenzi ya njiwa. Alisoma, akanunua, akalaghaiwa mara mbili, akaapa hatalaghaiwa tena. Sasa watu walitoka mbali kumletea panga zao apime saini. Na alikuwa na ulimi, yule mzee! Akiona saini ya kughushi alisema "bandia" palepale, hata kama aliyeuleta upanga ni mjane.

"Nieleze," alisema.

Mwinjuma akaeleza. Baba yake alikuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Huko, kwenye matope ya msituni, alimuua kijana mmoja aliyekuwa na upanga huu. Kijana alichukua muda mrefu kufa, na baba yake alikaa naye mpaka mwisho, akimpa maji. Baadaye mateka mmoja alilisoma jina lililochongwa kwenye shina la upanga, ile sehemu inayofichwa ndani ya mpini: Morihisa. Baba yake aliamini hilo ndilo jina la marehemu. Alirudi Tanga nalo, na kwa miaka sitini, kila Alhamisi, alimsomea dua Morihisa.

"Mwaka wa pili hivi, akaanza kuitika," Mwinjuma alisema. "Hakumdhuru mtu. Baba amefariki mwaka huu. Ameniusia niurudishe upanga Japani, kwa jamaa za Morihisa. Wale wa kule wanataka barua ya mtaalamu kwamba saini ni ya kweli. Ndiyo nimekuja kwako."

Baldev alimwambia Manpreet aelekeze tochi kutoka ubavuni, akainama na kioo chake cha kukuzia. Kutu ya shina ilikuwa nzuri, nyeusi, ya miaka mia tatu, na mtu mwenye akili haisugui kutu hiyo, kwa sababu ndiyo cheti cha kuzaliwa cha upanga. Lakini ndani ya michoro ya jina, kutu ilikuwa nyekundu na changa. Kingo zilikuwa kali bado, zikikwaruza kidole. Patasi ilikuwa imeingia, ikasita, ikaingia tena, mkono wa mtu anayenakili asichokijua.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, niachie wiki moja. Mimi ninayesimulia namlaumu kwa hili, ingawa najua alivyokuwa.

"Kwanza, Morihisa si mwenye upanga," alisema. "Hapa huandikwa jina la fundi aliyeufua. Pili, hata huyo fundi Morihisa hakuufua huu. Jina lake limechongwa na tapeli ili upanga uuzike. Bandia. Baba yako, pole sana, alimwombea mtu ambaye hayupo."

Mwinjuma alifunika uso kwa viganja vyake viwili. Kule jikoni kulisikika pumzi ndefu, kisha nyumba nzima ikajaa harufu ya matope na nguo zilizolowa.

"Morihisa," Baldev aliita, kwa kujaribu tu.

Hakuna aliyeitika.

Mwinjuma aliondoka bila upanga. Alisema hana uso wa kuurudisha nyumbani kwake, atakuja kuuchukua Jumapili. Jioni ile Baldev alisimama chini ya ngazi akamwita binti yake aje kula.

"Manpreet!"

"Labeka, baba," sauti ikajibu kutoka juu.

Baldev akatabasamu, akidhani anataniwa. Manpreet alizaliwa Birmingham. Kiswahili alikisikia, ila alijibu kwa Kiingereza siku zote. Kisha akageuka, akamwona Manpreet nyuma yake, sahani mkononi, anamtazama.

"Dad, who's up there?"

Siku iliyofuata, kwenye duka la dawa alikofanya kazi Manpreet, wenzake walimwita mara tatu asigeuke. Siku ya tatu alishindwa kuweka saini yake kwenye karatasi. Alishika kalamu, akaitazama, akairudisha. Baldev alipomwita nyumbani, aliyejibu alijibu kutoka chumba kingine, karibu zaidi kila mara, kwa utii wa kijana aliyelelewa vizuri, na kila alipojibu Manpreet alizidi kupoa, akakaa kwenye kiti cha dirishani chumbani kwake ghorofani bila kula wala kulala, akinuka matope ambayo hakuyakanyaga, mpaka asubuhi ya Jumapili alipoinua uso na kumuuliza baba yake, polepole, kama mtoto aliyepotea sokoni:

"Dad... mimi naitwa nani?"

"Manpreet," Baldev alisema. "Wewe ni Manpreet, mwanangu."

"Labeka," ikajibu sauti, sasa ndani ya kifua chake yeye Manpreet, na midomo yake haikutikisika.

Baldev alilia. Hakulia hivyo hata siku ya kuichoma maiti ya mkewe, kwa desturi ya Masingasinga. Alikuwa na mtoto huyu mmoja tu.

Mwinjuma alipofika alielewa kabla ya kuvua viatu. Alikwangua kadi ya simu, akampigia shangazi yake Tanga, bibi aliyekuwa akiitikia dua za Alhamisi tangu ujana wake. Aliweka spika wote wasikie.

"Huyo ni karini wa yule kijana," shangazi alisema, sauti ikikatikakatika. "Kila mtu huzaliwa na jini wake. Bwana wake alikufa porini bila kuitwa na mtu, naye akabaki pale hajui ni wa nani. Kaka yangu akampa jina, akatulia. Nyie mmemnyang'anya. Mlitaka aende wapi?"

"Tumpe jina lingine, shangazi? Lolote?"

"La kubuni hataki, keshadanganywa mara moja. Atakubali la mtu aliye hai, na mwenyewe alitoe kwa ridhaa. Liandikwe palepale lilipokuwa lile la uongo. Na akishalitoa, wanangu, si lake tena. Fanyeni haraka, kabla hajalimaliza la huyo binti."

Kadi ikaisha. Wanaume wawili walitazamana.

"Chora langu," Mwinjuma alisema. "Upanga ni wetu. Aliyeua ni baba yangu."

"Wewe una watoto watatu, bwana," Baldev alinong'ona. "Wanakuita siku nzima. Mimi nani ananiita? Watu wa minada. Na mdomo ulioropoka ni wangu."

Alishuka na sanduku lake la vyombo la Longbridge. Akaubana upanga kwenye jiliwa, shina juu, akachagua patasi ndogo. Kwa miaka ishirini amewaita wezi watu wanaochonga majina kwenye panga ambazo hawakuzifua, na sasa mkono wake mwenyewe uliweka patasi juu ya lile jina la uongo na kutu inayolizunguka, ukagonga. Saa kumi ilishapita, giza lilikuwa linashika kioo cha dirisha, mvua ikinyesha juu ya mabasi yaliyokuwa yakipita, na kila alipogonga alisikia mtu akisogea hatua moja sakafuni nyuma yake, buti zilizojaa maji, hatua na pigo la nyundo, nyundo na hatua, na ile harufu ikamjia shingoni ikiwa na joto la pumzi, lakini hakugeuka, alichonga kwa Kigurmukhi, maandishi ya Kisingasinga, jina alilopewa na bibi yake Kisumu, herufi baada ya herufi, akihisi kila herufi inavyomtoka kichwani mara tu inapoingia chumani, na alipofika ya mwisho ilibidi Mwinjuma amwonyeshe karatasi yenye jina hilo, aliloliandika mzee mwenyewe kabla ya kuanza, ili ajue kinachofuata.

Kisha ikabidi aite. Alisoma kutoka kwenye shina, taratibu, kama mtu anayesoma jina la mtaa asioujua.

"Baldev Singh."

"Labeka," ulijibu upanga. Ilikuwa sauti ya kijana wa miaka ishirini hivi, na ilikuwa imepumzika.

Kule juu kiti kilisukumwa. Manpreet alishuka ngazi, macho mekundu, amejifunga blanketi.

"Dad? I'm starving. Mbona mnalia?"

Mwinjuma aliuchukua upanga usiku ule. Barua ya mtaalamu haikuandikwa, na hakuna Mjapani aliyeutaka tena na jina lile juu yake, kwa hiyo ulirudi Tanga, kwa shangazi.

Manpreet alipona kabisa. Baba yake pia ni mzima. Anapika dengu, anagombana na televisheni, na akiitwa Dad anageuka upesi. Panga hapimi tena. Januari Manpreet alimpeleka kwa daktari, wakakaa na watu wengine wakisubiri, na muuguzi akatokea mlangoni na faili.

"Baldev Singh?"

Mzee hakusogea. Muuguzi aliita tena. Manpreet alimgusa bega.

"Dad, that's you. Ni wewe."

Alimtazama binti yake kwa upole, na kwa aibu kidogo, jinsi mtu anavyomtazama anayemfananisha na mwingine.

"Hapana, mwanangu. Mwacheni aitike mwenyewe, yule kijana. Amekaa sana bila kuitwa."

Manpreet aliinua mkono wake, akaitika kwa ajili ya baba yake, akamshika kiwiko wakaingia ndani.