Bega si Ndizi

Pancras wa Mugoma alikuwa fundi wa pombe ya ndizi. Aliminya ndizi mbivu pamoja na majani kwenye hori lake la mti, mpaka tone la mwisho likatoka. Mikono yake ilisifiwa hadi Kanazi, na aliyeongoza kuisifu alikuwa yeye mwenyewe.

Mke wake, Domisiana, alikuwa na kazi ngumu zaidi. Tangu wakimbizi walipofika kwa maelfu, miti ya karibu ilikwisha. Kuni zikawa mbali. Kila safari alijitwika mzigo mkubwa ili kesho apumzike. Shingo ikakaza. Bega la kulia likagoma. Mkono haukupita tena usawa wa kidevu.

Na harusi ya binti yao, Agripina, ilikuwa mwezi uliofuata! Kwao, mama wa bibi harusi hucheza mikono yote ikiwa juu, kama pembe za ng'ombe.

"Nitamchezea mwanangu kwa mkono mmoja?" Domisiana alilia. "Watu watasema sikuiridhia ndoa yake."

"Usiogope, Mama Agripina," akasema Pancras. "Mikono ninayo."

Akamlaza mkekani, akaliminya bega kwa nguvu zake zote. Domisiana akapiga yowe, kuku wakatawanyika. Wakati huohuo mama mmoja aliingia uani kununua ndizi. Jina lake Niragira, mkimbizi kutoka Burundi. Kwao alikuwa akiwachua wagonjwa misuli hospitalini, na sasa alifanya kazi hiyo kambini.

"Shikamoo, mzee. Unafanya nini?"

"Marahaba. Namkanda mke wangu."

"Hapana, baba, unamkamua! Bega si ndizi. Hapa hatutafuti juisi."

Domisiana alicheka huku machozi yakimtoka. Pancras alinuna.

Niragira alimuuliza Domisiana kwanza. Je, alianguka? Ana homa? Mkono unakufa ganzi? Kuna uvimbe?

"Hapana, ni kuni tu."

"Vizuri. Ungesema ndiyo, ningekupeleka zahanati kabla ya kukugusa."

Akanawa mikono. Akaweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu begani, kisha akapaka mafuta kidogo. Vidole vyake vilizunguka polepole kutoka shingoni kwenda begani.

"Misuli iliyochoka hujikaza," akaeleza. "Ukiichua taratibu, hulegea, na maumivu hupungua. Hata moyo hutulia. Usiminye mfupa. Usichue penye kidonda. Na muulize kama panauma."

"Nimuulize kila mara?" Pancras alishangaa.

"Kila mara. Ndizi haisemi, lakini mkeo anasema. Nawe mama, punguza mzigo. Inua mkono kidogo kidogo kila asubuhi, bila kuulazimisha."

Pancras alimeza kiburi chake, akakata kucha zisimkwaruze mkewe. Kila jioni alimchua mkewe, akiuliza, "Hapa je?" Kuni akaanza kuzileta yeye, kwa baiskeli. Jirani yao, Ildefonce, alipomwona alicheka hadi akashika mbavu.

"Mwenzetu kalishwa limbwata na mkewe!"

Pancras aliona haya, lakini hakuacha. Domisiana alianza kulala usingizi mzuri. Mkono ukafika sikioni.

Siku ya harusi ngoma zikalia. Domisiana akaingia katikati ya uwanja. Mkono wa kushoto ukapanda. Watu wakangoja. Wa kulia nao ukapanda, ukapita kidevu, ukapita sikio, ukasimama juu kabisa!

Vigelegele vikapasua anga. Agripina alilia kwa furaha. Niragira, mgeni wa heshima siku hiyo, akainua mikono yake na kucheza na Domisiana.

"Huyo ni mke wangu!" Pancras alipiga kelele kuliko wote. "Na mikono ndiyo hii!"

Ildefonce akamsogelea, akanong'ona. "Mke wangu mgongo unamsumbua. Utanifundisha?"

Pancras akaitazama mikono ya jirani yake.

"Njoo naye kesho," akasema. "Ila kwanza kata hizo kucha."