Mkono wa Saba

Mnanichosha, nyie wajukuu. Kila mkija hapa ni hadithi ile ile, kana kwamba mimi ni redio. Magoti yananiuma tangu asubuhi, hakuna aliyeuliza. Lakini ikitajwa ya kutisha, masikio yote yamesimama kama ya sungura. Haya. Fungeni mlango kwanza… Hapana, uacheni wazi. Nimesema uacheni. Na asije mtu kuniambia mwishoni, "Bibi, labda ulikuwa upepo." Upepo hauna vidole.

Wanangu ni wawili. Nasema wawili, na mmoja wenu anikumbushe nikisahau.

Mkubwa ni wa kiume, na watu walimwita Tarumbeta kwa sababu ya sauti yake. Alikuwa akikohoa gatini, mabaharia wa ng'ambo wanamwambia pole. Mdogo ni wa kike, yule aliyemzaa nesi. Wote wawili walifanya kazi moja, kutembeza watu mjini. Mji wa bandari ni mkubwa. Ukiuzunguka wote kwa miguu, soli inabaki njiani. Tarumbeta alikwenda mbele akieleza hiki na kile, nusu kweli, nusu kutoka kichwani mwake. Dada yake alikwenda wa mwisho kabisa, asipotee mtu. Kazi hiyo wenyewe wanaiita mkia, naye jina likamganda, Mkia. Si jina la kumpa binti ya mtu, lakini lilimlisha.

Walikuwa na utaratibu wao. Asubuhi Mkia alimfunga kila mgeni utepe kwenye mkono wa kushoto, kwa fundo lake mwenyewe, dogo na la kubana kama chunusi. Jioni wageni walijipanga mstari, wananyoosha mikono, naye anazifungua tepe moja moja na kuzitia mfukoni. Tepe zikitimia, watu wametimia. Kila mwaka ulikuwa na rangi yake. Mwaka ule wa balaa rangi ilikuwa nyekundu. Mwaka uliotangulia ilikuwa njano.

Shikeni hapo. Njano.

Siku hiyo waliondoka na watu saba. Wazee wawili, mtu na mkewe, waliokuwa wakigombana tangu kituo cha basi. Wanawake watatu wa ofisi moja. Kinyozi mmoja mnene mwenye maneno mengi. Na wa saba alikuwa nesi, binti wa Mkia, aliyepata likizo akasema leo na yeye atatembea na mjomba wake kama wageni wengine.

Wakapita mtaa wa wasuka kamba, wakapita karakana za kubandua kutu kwenye minyororo ya meli, ambako watu wote wana mikono ya rangi ya tofali. Wakateremka soko la samaki. Saa kumi hivi, sakafu imeshamwagiwa maji, wauzaji wanafunga meza zao.

Hapo ndipo Mkia alipozisikia.

Chwapa… chwapa… chwapa…

Miguu mitupu iliyolowa. Nyuma yake. Naye alikuwa wa mwisho.

Akageuka. Hakuna mtu. Akajiambia ni sakafu ya soko, kila kitu pale kinalia chwapa. Akaendelea. Wakatoka sokoni, wakaingia barabara kavu, vumbi tupu.

Chwapa… chwapa…

Akasimama. Nazo zikasimama.

Mtaa uliofuata ni ule wa nyumba ndefu, nguo zimeanikwa kutoka dirisha hili hadi lile. Fundi cherehani mmoja, mwanamke aliyemjua Mkia miaka mingi, alikuwa ameegemea dirisha la chini akitafuna uzi.

"Mkia! Wageni wako wa leo mbona mnawatesa?"

"Nani kateswa, shoga? Wanalipa wenyewe wachoke."

"Na huyo aliyelowa chepechepe? Hamna hata taulo la kumpa?"

"Yupi?"

Fundi akacheka, akanyoosha kidevu. "Huyo hapo nyuma yako."

Mkia hakugeuka. Nywele za shingoni zilimsimama, akasikia harufu… mwani uliooza, na kutu, na sabuni. Sabuni ya kufulia nguo. Akaongeza mwendo mpaka akawa anawakanyaga wazee visigino.

"We binti, unatusukuma kama mbuzi!" bibi yule akamfokea.

"Samahani, mama. Jua linatuacha."

Safari yao ilikuwa inaishia ufukwe wa mbali, nyuma ya makontena. Kuna kisiwa kidogo cha mawe pale, na juu yake mnara wa taa uliovunjika. Maji yakipwa, unatokea mchanga mwembamba kama shingo, mtu anavuka kwa miguu. Yakijaa, shingo inazama. Na siku ya bamvua maji hupwa mbali sana, halafu hurudi kama mtu aliyesahau jiko linawaka. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua.

"Kaka," Mkia akamnong'oneza, "leo tusivuke."

"Una nini wewe? Dakika kumi tu, waone jua linavyozama."

"Kuna mtu anatufuata."

Tarumbeta akamtazama. Na yeye, ambaye hata siri aliisema kwa kelele, akauliza taratibu, "Mtu gani?"

"Sijui. Amelowa."

Uso wa kaka mtu ukabadilika rangi. Lakini wageni walikuwa wanamsikiliza, na mwanaume akitazamwa na watu saba huwa mjinga mara saba. Akapiga makofi. "Haya, tuvuke!"

Walivuka. Wakapiga picha, wakasifu jua kana kwamba wamelinunua. Maji yakaanza kutoa ile sauti yake ya kunong'ona kwenye mawe. Tarumbeta akapaza sauti, warudi. Giza lilikuwa linaingia, mtu unamwona mgongo tu, hujui ni nani.

Mkia akasubiri wote watangulie, kama ilivyo kazi yake. Akahesabu migongo kwenye shingo ya mchanga. Moja, mbili… sita, saba. Wote. Akafuata. Na akagundua kitu. Nyuma yake kulikuwa kimya. Zile nyayo hazimfuati tena.

Akashukuru. Mjinga yule, alishukuru.

Walipofika ufukweni maji yalikuwa yameanza kuilamba shingo. "Mstari!" akaita Tarumbeta. "Tano, sita, saba! Wametimia! Dada, kusanya."

Mkia akainama na mfuko wake. Kwenye giza lile hakutazama nyuso, alitazama mafundo. Mkono wa kwanza, wa mzee, unatetemeka. Wa pili, wa bibi. Wa tatu, wa nne, wa tano, kucha zimepakwa rangi moja, ofisi moja. Wa sita, wa kinyozi, unanukia poda.

Wa saba.

Ulikuwa baridi. Ngozi ya vidole imekunjamana, kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Fundo halikuwa lake. Lilikuwa fundo kubwa la ovyo, lililofungwa kwa mkono wa kushoto, fundo la Tarumbeta. Akalivuta, likafunguka, maji yakamchuruzika mpaka kiwikoni.

Utepe ulikuwa wa njano.

Akainua kichwa.

Mbele yake palikuwa na watu sita.

Hakupiga kelele. Binti yangu si mtu wa kelele, mimi ndiye niliyemlea. Alitazama kisiwani. Kule, chini ya mnara, mtu alikuwa amesimama peke yake na gauni jeupe.

Nesi.

"Kaka." Akamwonyesha ule utepe. "Mwaka jana nilikosa kuja siku moja tu. Siku niliyokuwa na homa. Ulipeleka watu wangapi?"

Tarumbeta alitazama ule utepe kama mtu aliyeletewa kichwa chake kwenye sinia. "Wanane."

"Bila mkia."

"Bila mkia."

"Ukarudi na wangapi?"

"Nilihesabu wanane." Sauti yake haikuvuka hata mchanga uliokuwa kati yao. "Nilijihesabu na mimi."

Mkia akaelewa. Yule dobi. Mwanamke aliyefua mashuka hotelini miaka tisa, akapata likizo yake ya kwanza, akaja kuuona mji wake mwenyewe. Hakurudi. Tarumbeta aliwaambia polisi kwamba mama huyo aliaga sokoni, akaenda zake. Wakaandika hivyo hivyo. Nani ataulizia dobi?

"Ulijua lini kwamba amebaki?"

"Nilimwona akipunga mkono. Maji yalikuwa yameshafika kifuani."

"Kifuani mwa nani?"

Tarumbeta akatazama miguu yake.

"Kifuani mwa nani, kaka?"

"Mwake… Mimi nilikuwa hapa. Mkavu. Ningerudi, wote wangejua nimewapeleka watu bila mkia. Wangeninyang'anya kibali."

"Haya, leo ni mpwa wako. Twende."

Akaingia majini. Tarumbeta akamfuata mpaka maji yalipomfika kwenye vifundo vya miguu. Hapo akaganda. Aliyeingia mpaka kiunoni ni kinyozi, mtu wa kukodi kiti cha kunyolea, asiyejua hata kuelea, akawa anapiga kelele, "Dada, mimi nguzo yako! Rudi kwa sauti yangu!" Shikeni hilo pia. Mgeni alifika kiunoni. Mjomba wa damu, vifundo vya miguu.

Mkia alimkuta binti yake palepale, hajasogea, ameshika jozi ya raba nyeupe zilizoota mwani.

"Mbona hukurudi, mwanangu? Hukusikia tukiita?"

"Kuna mama kaniomba nimshikie viatu vyake," nesi akasema, kama mtu anayeongea usingizini. "Kasema anakwenda kuhesabiwa, atarudi sasa hivi."

"Viweke chini."

"Nimemwahidi, mama."

"Viweke chini!"

Akaviweka juu ya jiwe. Wakaingia majini wameshikana mikono, nesi upande wa kulia. Maji yakafika mapajani, kiunoni, kifuani. Mchanga unaondoka chini ya nyayo. Sauti ya kinyozi mbali… mbali…

Halafu mkono wa kushoto wa Mkia ukashikwa.

Baridi. Vidole vimekunjamana.

Mpaka leo hajui kama ule mkono ulikuwa unawavuta kwenda nchi kavu au kilindini, au ulikuwa hautaki tu kubaki tena. Alichojua ni kwamba mikono yake miwili imeshikwa na wawili, na wa kutoka naye akiwa hai ni mmoja.

Akanong'ona. "Dada yangu, mimi sikuwepo. Huyu ni mtoto, hakukufanyia kitu. Aliyechukua nafasi yako yuko mbele. Yule pale. Ndugu yangu."

Alimtaja kwa jina, lile nililompa mimi, ambalo siku hizi silitamki.

Mkono ukamwachia.

Chwapa… chwapa… Juu ya maji, si ndani yake. Zikawapita zikielekea ufukweni.

Kinyozi aliwavuta, wakaanguka wote watatu mchangani. Tarumbeta alikuwa amesimama palepale, mkavu, mzima, macho yamemtoka. "Hajanifanya kitu," alikuwa akisema. "Kanipita tu. Kasimama nilipokuwa nimesimama, basi."

Wakafikiri yameisha. Wakaenda kwenye lango la ufukwe. Mlinzi akahesabu vichwa vikitoka, "Tisa, mmetimia," akapiga kufuli. Tarumbeta alikuwa bado ndani. Aliita, yule mwenye sauti ya kutikisa meli, na mlinzi akawa anahangaika na funguo zake anapiga mluzi. Ilibidi Mkia amshike mlinzi bega.

Wote wakacheka. Binti yangu hakucheka. Alikuwa amewahesabu na yeye. Wageni saba, yeye wa nane.

Wa tisa alikuwa nani?

Basi ikawa hivyo. Mke wa Tarumbeta anapakua chakula, sahani zinapungua moja, na kila siku ni ya mume. "Jamani, nimesahau," anasema, na kweli amesahau. Mwezi wa tatu akahamia kwa dada yake na watoto. Mwanamke yule hakuwa na hasira wala kisa, alikuwa amesahau kwamba nyumba ile ina mwenyewe. Tarumbeta akaenda polisi kukiri yote. Karani akaandika kurasa mbili, akafika mahali pa jina la anayetoa taarifa, akainua macho, akatazama ukuta. "Anayefuata!" Kwenye basi watu wanamkalia. Zile raba alizifuata kisiwani zaidi ya mara moja. Hazipo.

Alikuja kwangu, nikampokea. Mtoto hatupwi, hata akiwa mjinga. Nilikula kiapo kwamba mimi, mama yake, sitamsahau.

Juzi wakapita wale wa kuhesabu watu. Kijana mpole, na kalamu yake.

"Bibi, umezaa watoto wangapi?"

"Mmoja," nikajibu. Hata sikufikiri.

Binti yangu alikuwa akikata vitunguu. Kisu kikasimama. "Mama," akaninong'oneza, "wawili."

Nikageuza kichwa. Kwenye kiti cha karibu na mlango, mwanangu alikuwa amekaa tangu asubuhi. Alikuwa ananitazama. Mdomo unafunguka na kufungika, na mimi sisikii kitu.

Kijana akamaliza kuandika, akatusomea. "Basi, waliolala humu ni watatu. Wewe bibi. Huyu binti yako. Na yule mama aliyelowa pale mlangoni."

Akafunga daftari, akaaga. Kwenye kile kiti hakutazama.